Kumtua mama ndoo kichwani: Maabara ya mwendo inasema nini kuhusu mzigo wa maji

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama wamezoea kumwona mwanamke akipandisha mwinuko kutoka ziwani au kisimani, ndoo ya lita 20 kichwani, mikono ikiwa huru au mmoja ukimshika mtoto, na maji hayamwagiki. Ni jambo la kila siku, kiasi kwamba macho ya wengi hayalioni tena. Wanasayansi wanaochunguza mwendo wa binadamu wamelitazama kwa vipimo kwa takriban miaka 40 sasa, na matokeo yao yanawahusu moja kwa moja wananchi wa Mkoa wa Mara.

Matokeo hayo yana pande mbili. Upande wa kwanza unathibitisha kwamba kubeba mzigo kichwani kwa namna ile ni ujuzi wa hali ya juu, ambao mwili hauupati bila miaka ya mazoezi. Upande wa pili unaonesha kwamba ujuzi huo una mpaka, na kwamba ndoo ya kawaida ya maji iko mbali nje ya mpaka huo. Makala haya yanaeleza maabara ya mwendo ni nini, ilipima nini kwa wanawake wa Afrika Mashariki, na kwa nini vipimo hivyo vinaipa uzito wa kisayansi kaulimbiu ya Serikali ya kumtua mama ndoo kichwani.

Maabara ya mwendo ni nini

Maabara ya mwendo ni chumba cha chuo kikuu ambamo kutembea, kukimbia, kuinua, kurusha na kusimama hupimwa kwa vyombo, badala ya kukadiriwa kwa macho. Kazi yake ni kujibu maswali mawili: mwili unatumia nguvu kiasi gani kutenda jambo fulani, na ubongo unaipangaje misuli ili jambo hilo litendeke vizuri.

Vyombo vyake vikuu ni vinne. Cha kwanza ni bamba la kupima nguvu, ambalo hulazwa sakafuni. Mtu anapolikanyaga, hurekodi jinsi mguu unavyoisukuma ardhi chini, mbele na pembeni. Cha pili ni kamera zinazofuata alama ndogo zilizobandikwa kwenye vifundo, magoti, nyonga na mabega, ili kompyuta ichore njia ya kila kiungo. Cha tatu ni vihisi vinavyobandikwa juu ya ngozi kusoma ishara za umeme kutoka kwenye misuli, hivyo mtafiti hujua ni msuli upi unaofanya kazi na kwa wakati gani. Cha nne ni barakoa inayokusanya pumzi wakati mtu anatembea juu ya mkanda unaozunguka. Kiasi cha oksijeni anachotumia huonesha nishati anayoitumia, kama vile mafuta yanayopungua kwenye tangi yanavyoonesha kazi iliyofanywa na injini.

Elimu hii ina zaidi ya karne moja. Mwanafiziolojia wa Ufaransa, Étienne-Jules Marey, alianzisha kituo cha kuchunguza mwendo jijini Paris mwaka 1882, akitumia picha zilizopigwa kwa mfululizo wa haraka. Tanzania nayo ina nafasi ya pekee katika historia hiyo. Nyayo za Laetoli katika eneo la Ngorongoro, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970, zina umri wa takriban miaka milioni 3.66, na mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitangaza nyayo nyingine katika eneo hilohilo. Majivu ya volkano yalifanya kazi inayofanywa leo na bamba la maabara: yalihifadhi alama ya kisigino na vidole, na hivyo kutuwezesha kusoma jinsi viumbe wale walivyotembea kwa miguu miwili.

Utafiti uliofanyika Nairobi

Kabla ya miaka ya 1980, wataalamu waliamini kwamba gharama ya kubeba mzigo hufuata kanuni moja rahisi. Mwaka 1980, C. Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walionesha kwamba kwa panya, mbwa, farasi na binadamu wanaokimbia na mizigo, matumizi ya nishati huongezeka kwa uwiano uleule wa uzito. Ukimwongezea mnyama moja ya kumi ya uzito wake, gharama yake nayo hupanda kwa takriban moja ya kumi.

Profesa Geoffrey Maloiy, mtaalamu wa fiziolojia ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alishirikiana na Taylor, Norman Heglund, Giovanni Cavagna wa Italia na mwenzao mwingine kupima jambo ambalo kila mtu wa Afrika Mashariki amelishuhudia. Waliwaalika wanawake Wajaluo, ambao hubeba mizigo juu ya utosi, na wanawake Wakikuyu, ambao huibeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Wote walikuwa wamebeba mizigo tangu utotoni. Walitembea na mizigo ya uzito tofauti huku oksijeni wanayotumia ikipimwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1986 katika jarida la kisayansi la *Nature*. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila matumizi yao ya oksijeni kuongezeka. Kwa kipimo cha nishati, kilo hizo za mwanzo zilikuwa kama hazipo. Mzigo ulipozidi hapo, gharama ilianza kupanda, lakini kwa ile sehemu iliyozidi tu. Wanajeshi waliobeba mabegi mgongoni, waliotumiwa kwa kulinganisha, hawakupata nafuu hiyo, kwani gharama yao ilipanda tangu kilo za mwanzo.

Kwa mkoa wa Mara, utafiti huu si habari ya mbali. Wajaluo wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, wakiwamo wa Wilaya ya Rorya. Ubebaji wa kichwani ni desturi pia ya majirani zao katika mkoa: Wajita na Wakwaya wa mwambao wa ziwa, na Wazanaki wa Butiama. Njia ya kubeba iliyopimwa Nairobi ndiyo inayoonekana kila asubuhi kwenye njia za vijiji vya Mara.

Siri iko kwenye hatua

Matokeo ya mwaka 1986 yaliacha swali kubwa. Mzigo haupotezi uzito kwa kuwekwa kichwani. Nafuu hiyo basi inatoka wapi? Jibu lilipatikana mwaka 1995, pale Heglund, Cavagna na wenzao walipochapisha vipimo vya mabamba ya nguvu.

Mtu anapotembea, mwili wake hupanda na kushuka kidogo katika kila hatua. Mguu ukishakanyaga, kiwiliwili hupita juu yake kama ncha ya fimbo iliyosimikwa chini. Kinapopanda hupunguza kasi lakini hupata kimo. Kinaposhuka, kimo hicho hugeuka tena kuwa kasi. Ni kanuni ileile ya mtoto aliye kwenye bembea, ambaye akisukumwa mara moja huendelea kwenda na kurudi bila kusukumwa kila mara. Kwa njia hii, mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida hurejesha takriban theluthi mbili ya nishati ya kila hatua. Sehemu inayobaki ndiyo inayolipwa na misuli.

Kwa watu wasiozoea kubeba kichwani, kiwango hicho cha urejeshaji hakikuboreka walipoongezewa mzigo. Kwa wanawake wenye uzoefu, kiliboreka. Kadiri mzigo ulivyokaribia asilimia 20 ya uzito wa mwili, ndivyo mabadilishano kati ya kimo na kasi yalivyokuwa kamili zaidi, na misuli ikabakiwa na kazi ndogo ya kufidia. Wanawake hao hawakuwa na misuli ya ajabu wala mifupa ya aina nyingine. Walikuwa wamejifunza, bila kufundishwa darasani, kuupitisha mwili juu ya mguu kwa namna isiyopoteza nguvu.

Stadi hujengwa tangu utotoni

Hapa ndipo upande wa pili wa maabara unapoingia, yaani uchunguzi wa stadi za mwili. Katika miaka ya 1920 jijini Moscow, Nikolai Bernstein alipiga picha za mfululizo za mafundi wenye uzoefu wakigonga patasi kwa nyundo. Aligundua kwamba kila pigo lilikuwa tofauti na lililotangulia katika bega, kiwiko na kiganja, ilhali nyundo ilifika palepale. Fundi hakuwa akirudia mwendo mmoja kama mashine. Alikuwa akirudia kutatua tatizo lilelile, kila mara kwa marekebisho madogo mapya.

Mwanamke anayepita njia ya mawe kutoka Mugango au Majita hufanya hivyohivyo. Hakuna hatua mbili zinazofanana, kwa kuwa jiwe moja limeinuka, jingine linateleza na njia inapinda. Kinachobaki bila kubadilika ni ndoo. Kifundo, goti, nyonga na mgongo hurekebisha kila mmoja kasoro ya mwenzake ili kichwa kitulie. Kiungo cha mizani kilicho ndani ya sikio huutaarifu ubongo kila kichwa kinapoinama, na sehemu ya nyuma ya ubongo hurekebisha misuli kabla mtu mwenyewe hajatambua kuwa ameteleza. Ngata, au kata kama wengine waiitavyo, hutandaza uzito juu ya utosi na kuipa ndoo kikalio thabiti.

Ujuzi wa namna hii haupatikani kwa maelezo. Mtoto huanza na kopo au kidumu kidogo, humwaga, hulowa, huanza tena, na baada ya miaka mwili wake hujua jambo ambalo mdomo wake hauwezi kulieleza.

Ujuzi unapofikia mpaka

Ingekuwa kosa kuyasoma matokeo hayo kana kwamba yanasema ndoo haina madhara. Tahadhari tatu za kisayansi zinahitaji kuzingatiwa.

Kwanza, nafuu hiyo haimfikii kila mtu. Mwaka 2010, Ray Lloyd na wenzake walichapisha utafiti uliowapima wanawake Waxhosa wa Afrika Kusini, na kwa wastani hawakuona kwamba kubeba kichwani kunaokoa nishati kuliko kubeba mgongoni. Walichokiona ni tofauti kubwa kati ya mtu na mtu: baadhi walinufaika, wengine waligharimika zaidi. Uzoefu wa miaka mingi pekee haukutosha kueleza tofauti hiyo.

Pili, nishati na afya ya mifupa ni mambo mawili tofauti. Barakoa ya oksijeni hupima uchovu wa injini, lakini haipimi uchakavu wa ekseli. Mzigo ulio kichwani hupitia kwenye pingili za shingo na kuzibana. Watafiti Echarri na Forriol, walioangalia picha za eksirei za wabebaji wa kuni nchini Kongo, waliripoti mwaka 2002 dalili za uchakavu wa pingili za shingo kwa watu hao. Utafiti mwingine uliofanyika Afrika Kusini, Ghana na Vietnam na kuchapishwa mwaka 2018 ulihusisha ubebaji wa maji na maumivu ya shingo, mgongo na viungo. Mama anaweza kufika nyumbani bila kuhema na bado akawa analipa deni litakalodaiwa baada ya miaka 20.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, asilimia 20 ni kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mwanamke mwenye kilo 60 ana mpaka wa kilo 12. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, bila kuhesabu uzito wa ndoo yenyewe. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Ili abaki ndani ya mpaka uliopimwa Nairobi, angepaswa kubeba takriban lita 11. Mtoto mwenye kilo 30 ana mpaka wa kilo sita. Ndoo ya lita 10 inayoonekana ndogo machoni pa mzazi ni kwa mtoto huyo sawa na ndoo ya lita 20 kwa mama yake. Isitoshe, waliopimwa walikuwa watu wazima wenye uzoefu wa miaka mingi, na mtoto ambaye mifupa yake ingali inakua hawezi kuhesabiwa nao.

Hesabu ya ndoo kwa kaya moja

Jibu rahisi lingekuwa kuwashauri akina mama wapunguze maji kwenye ndoo. Hesabu inaonesha kwa nini ushauri huo peke yake hautoshi.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kwa wananchi wa vijijini kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kilicho ndani ya mita 400 na kinachohudumia watu 250. Tuchukue kaya ya watu sita. Inahitaji lita 150 kwa siku, yaani safari nane za ndoo ya lita 20. Kituo kikiwa mita 400 kutoka nyumbani, safari hizo ni kilomita 6.4 kwa siku, nusu yake na mzigo kichwani. Chanzo kikiwa umbali wa kilomita mbili, safari nane zinakuwa kilomita 32, umbali ambao hakuna anayeweza kuutembea kila siku na bado akalima, akapika na kulea. Kinachotokea ni kaya kupunguza maji ya kuoga, ya kufua na ya kunawa mikono, na magonjwa kupata mlango.

Sasa tupunguze mzigo hadi lita 10 ili ukae ndani ya mpaka wa mwili. Safari zinakuwa 15. Kwa mita 400 hizo ni kilomita 12. Kwa kilomita mbili ni kilomita 60. Lakini bomba likiwa mita 100 kutoka nyumbani, safari 15 nyepesi ni kilomita tatu tu. Mzigo salama hauwezekani bila umbali mfupi. Kwa hiyo umbali wa bomba si suala la starehe: ndio unaoamua ni kilo ngapi zitakaa juu ya shingo ya mama.

Kwa mtazamo huo, miradi inayosogeza maji ya Ziwa Victoria kwa wananchi inapata maana ya kiafya inayozidi ile ya kuepusha kipindupindu na kuhara. Mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, unaotoa maji ziwani katika eneo la Mugango na kuyaelekeza Kiabakari hadi Butiama, pamoja na kazi za mamlaka za maji za Musoma na Bunda na za Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa mwaka 2019, zinaweza kupimwa kwa kipimo cha ziada: kila mita inayopungua kati ya nyumba na bomba inaipunguzia mzigo shingo ya mtu.

Maarifa ya maabara kwenye kituo cha maji

Elimu ya mwendo tayari inatumika nchini. Chuo cha mafunzo ya wataalamu wa viungo bandia cha TATCOT, kilichopo KCMC mjini Moshi, kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1981 kazi ambayo haiwezekani bila kuelewa hatua ya binadamu, kwa kuwa mguu bandia usiofuata kanuni za mwendo humchosha aliyeuvaa na kuumiza nyonga yake. Maarifa hayohayo yanaweza kuongoza mambo madogo yasiyo na gharama kubwa vijijini.

La kwanza ni jukwaa la kutwikia. Sehemu ngumu ya safari ya maji mara nyingi si kutembea, bali ni kuinua ndoo kutoka chini hadi kichwani, wakati mgongo umeinama na mzigo uko mbali na mwili. Kituo cha maji chenye ukuta mfupi wa kifuani, ambapo ndoo hujazwa na kusogezwa kichwani bila kuinuliwa kutoka ardhini, hupunguza hatari hiyo. Pasipo na jukwaa, desturi ya kutwishana na kutuana iendelezwe, kwani mikono minne hugawana kazi ambayo miwili huielemewa.

La pili ni magurudumu. Toroli, baiskeli na mkokoteni wa ng'ombe huhamisha uzito kutoka kwenye uti wa mgongo kwenda ardhini. Mahali ambapo njia inaruhusu, mzigo wa kaya hauna sababu ya kuwa kichwani. Magurudumu yana faida nyingine: wanaume na vijana wa kiume, ambao kwa desturi hawajitwiki ndoo, husukuma toroli bila kusita, na kazi ya maji ikaacha kuwa ya wanawake na wasichana pekee.

La tatu ni kipimo kwa mtoto. Mzazi anaweza kutumia kanuni rahisi inayotokana na utafiti wa Nairobi: uzito wa mtoto ugawanywe kwa tano, na chombo pamoja na maji yake visizidi hapo. Kwa mtoto mwenye kilo 25, hizo ni kilo tano. Kwa kuwa mtoto hana uzoefu wa mtu mzima, kiasi hicho kichukuliwe kuwa ukomo, na pungufu yake ndiyo bora.

La nne ni kutopuuza dalili. Maumivu ya shingo yanayodumu, ganzi mikononi au udhaifu wa vidole kwa mtu anayebeba mizigo kichwani si uchovu wa kawaida. Ni sababu ya kufika kituo cha kutolea huduma za afya na kumweleza mtaalamu aina ya mzigo unaobebwa, uzito wake na idadi ya safari.

Mkoa wa Mara una Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kilichopo Butiama, na maswali ya namna hii yanakaa vizuri katika mazingira yake: urefu wa mpini wa jembe kwa kimo cha mkulima, kimo cha jukwaa la bomba, umbo la toroli linalopita njia za mawe za Majita. Ni maswali yanayohitaji vipimo kutoka kwa watu wa hapahapa, kwenye njia zao na kwa mizigo yao.

Kwa vizazi vingi, uhodari wa mwanamke kubeba maji umesifiwa, na sifa hiyo imesaidia kuuficha uzito wa ndoo. Vipimo vya maabara vimeuthibitisha uhodari huo, na vimeonesha pia kwamba mwili wenye ustadi kuliko yote hubeba bila gharama sehemu moja ya tano tu ya uzito wake. Zinazozidi hapo zinapaswa kubebwa na bomba.